Mizani Moja kwa Nchi Zote



Kati yetu wamo vijana wanaojisomea peke yao, bila darasa wala mwalimu, wakijitayarisha kwa mtihani wa kumaliza sekondari. Kongo, ambako Examen d'État ilianza mwaka 1967, huwapokea pia wale waitwao autodidacte. Wengine husoma siasa, yaani kulinganisha serikali za nchi mbalimbali. Wazee huuliza: siasa ndiyo iliyotufukuza nyumbani, ya nini kuisoma? Mimi nauliza jambo lingine: je, mtu aliyeikimbia nchi yake aweza kuipima kwa haki?

Mama anayeuza viazi hapa Cyanzarwe akiwa na mizani mbili, moja ya kununulia na moja ya kuuzia, sote tutamwita mwizi. Na sisi tuna jaribu hilohilo. Nchi iliyotuumiza tunaipima kwa uchungu, nchi iliyotupokea tunaipima kwa shukrani. Uchungu na shukrani ni vitu vya kweli, lakini si mizani.

Tuchukue swali moja: sheria inamwekea rais kikomo gani? Katiba ya Kongo ya 2006 inasema miaka mitano, mara mbili tu. Katiba ya Rwanda ya 2003 iliweka miaka saba. Marekebisho ya 2015 yakaleta miaka mitano, tena yakamfungulia rais aliyekuwa madarakani njia ya kugombea 2017. Uganda iliondoa kikomo cha mihula 2005, na cha umri 2017. Kenya na Tanzania zimebaki na mihula miwili ya miaka mitano.

Sasa swali la pili: je, yaliyoandikwa hutendeka? Muhula wa pili wa Rais Joseph Kabila uliisha Desemba 2016, lakini uchaguzi ulifanyika Desemba 2018. Mnaona? Anayeuliza swali la kwanza peke yake ataisifu Kongo kupita kiasi. Anayeuliza la pili kwa Kongo tu ataionea. Haki ni kuziuliza nchi zote maswali yote mawili.

Mwenye mwalimu husahihishwa. Anayejisomea hujipa alama mwenyewe, na moyo wake ni mpole sana kwake. Basi, kijana, andika jibu lako kuhusu nchi unayoipenda na nchi unayoilaumu, kisha mpe mwenzako wa kabila lingine alisome. Akikuta umebadilisha kipimo katikati, msikilize.

Mtasema, huko si kuwasahau waliokufa? Hapana. Lawama iliyopimwa sawasawa ndiyo ambayo hata adui hawezi kuikataa kwa urahisi. Na vijana hawa ndio watakaopiga kura siku moja, au kuketi penye hukumu. Heri wajifunze kipimo sasa, juu ya karatasi, kabla hawajashika maisha ya watu.

Bwana awatie nguvu wote wanaosoma usiku kwa taa ndogo.