Kitanda, Meza, Kiti na Taa

Somo: 2 Wafalme 4:8–37



Katika mji wa Shunemu alikuwako mama mmoja mwenye mali. Nabii Elisha alipita njia ile mara kwa mara, na kila alipopita alikula nyumbani kwake. Ndipo mama huyo akashauriana na mumewe wamjengee nabii chumba kidogo juu ya nyumba, nao wakakubaliana ndani yake viwemo vitu vinne tu: kitanda, meza, kiti na taa.

Hebu tuviangalie vitu hivyo. Kitanda ni kwa ajili ya uchovu wa msafiri. Meza ni kwa chakula chake na kazi yake. Kiti ni cha mtu anayekaribishwa akae, asisimame mlangoni. Taa ni kwa saa za giza. Hakuna hata kimoja kilichowekwa ili majirani wakione. Mama yule alikuwa na uwezo wa kuweka vingi, lakini alimfikiria kwanza mtu atakayelala mle, kisha akafikiria vyombo. Sisi tuliofundisha sayansi kimu katika chuo cha ualimu tulianza somo la nyumba hapo hapo: kabla mwanachuo hajachora chumba, ataje kwanza nani atakikaa na atafanya nini humo.

Watu wa Tabora tunaielewa upesi habari ya Shunemu, maana mji wetu nao ulikua kando ya njia. Misafara iliyokwenda na kurudi kati ya Bagamoyo na Ujiji ilipumzika hapa Unyanyembe. Kule Kwihara, si mbali na mji, iko tembe ambayo sasa ni makumbusho. David Livingstone alikaa huko tangu Februari hadi Agosti 1872, akiwangoja wapagazi ambao Stanley aliahidi kuwatuma kutoka pwani. Tembe ina kuta nene za udongo, paa la udongo lililolala sawasawa, na ua wa ndani. Jua la Tabora likiwaka, humo ndani mtu hupata ubaridi. Ni nyumba ya kumtuliza msafiri.

Lakini ndugu, njia hiyo hiyo walipita watumwa wamefungwa minyororo. Utajiri uliojenga baadhi ya nyumba kubwa za wakati ule ulitokana na pembe za ndovu na watu waliouzwa. Nabii Yeremia, katika sura ya 22, anamwonya vikali mtu ajengaye nyumba kwa dhuluma na kumtumikisha jirani bila ujira. Yaani nyumba yaweza kuwa raha kwa mwenyewe, na papo hapo ikawa kilio kwa mwingine.

Sasa tutazame chumba kingine. Mwaka 1873 Livingstone alifika katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, akiwa mgonjwa sana. Susi, Chuma na wenzao walimjengea kibanda cha miti na majani. Walimtengenezea kitanda cha fito na majani, wakakiinua kutoka chini. Sanduku likawa meza. Mshumaa ukawa taa. Usiku ule alikutwa amepiga magoti kando ya kitanda hicho, amekwisha kufariki. Waliotengeneza chumba hicho watu waliwaita watumishi tu, lakini walifanya kama yule mama wa Shunemu. Kisha wakaubeba mwili wake hata Kwihara, na kutoka Kwihara hata Bagamoyo, walikofika Februari 1874.

Basi turudi nyumbani kwetu. Sebule ina makochi, vitambaa vyeupe vya kufuma, mapazia, na kabati la vyombo vya wageni. Hayo si dhambi. Usafi na uzuri wa nyumba ni shukrani kwa Mungu. Lakini tufungue na mlango wa stoo. Humo, kati ya magunia ya mahindi na madebe, analala binti wa kazi aliyeachana na mama yake kijijini. Amelala juu ya jamvi, hana chandarua. Yeye huamka wa kwanza na kulala wa mwisho. Kochi analolifuta kila asubuhi hajapata kulikalia. Jioni tunapokusanyika kusali, yeye yuko jikoni anaosha masufuria. Je, nyumba hiyo ina starehe? Starehe ya nani?

Tunawasihi wazazi wa usharika wetu wafanye mambo manne. Kwanza, kitanda: binti huyo apate mahali pakavu pa kulala, hata kama ni kitanda cha kamba, pamoja na chandarua. Pili, meza: ale chakula tulacho, na mshahara wake ulipwe kwa wakati bila kumsubirisha. Tatu, kiti: akae nasi wakati wa sala, naye atajwe kwa jina lake. Nne, taa: apewe nafasi ya kusoma kabla hajasinzia. Baba na mama washauriane, kama walivyoshauriana wale wa Shunemu.

Mwisho, tukumbuke jambo moja. Miaka ilipita, mama yule akapata mtoto wa kiume, naye mtoto akafa magotini pake. Alimpeleka wapi? Alipanda naye kwenye kile chumba kidogo, akamlaza juu ya kitanda alichomtandikia mgeni. Ndipo akaenda kumtafuta nabii, na katika chumba hicho hicho Mungu alimrudishia mtoto wake akiwa hai. Mahali alipomwandalia mwingine pumziko ndipo palipomfaa siku ya msiba wake.

Ee Bwana, uliyekosa nafasi katika nyumba ya wageni, utufundishe kumpa nafasi mdogo aliye nyumbani mwetu. Amina.