Hii Karatasi Inakulipa Pesa Ngapi?

Jumamosi moja mwezi wa Februari, ndugu yangu mdogo alinipigia simu kuniomba elfu mbili. Yuko chuo, mwaka wa pili, na keateka alikuwa ametia kufuli jipya kwenye mlango wa chumba chake kwa sababu ya kodi. Nikamwambia, "Sina, bro. Mambo ni ngumu." Nikakata simu, nikapanda matatu ya Naivasha nikiwa na mkoba wa karatasi za rangi, kisu cha kukatia na gundi, vyote vya shilingi 1,800.

Jioni aliona picha kwenye stetasi yangu ya WhatsApp: mashua ya karatasi ukingoni mwa ziwa, mafunjo yakiwa nyuma yake. Hakunitukana. Aliandika mstari mmoja tu: "Kwa hivyo karatasi ndio ndugu yako siku hizi?"

Nimetembea na swali hilo tangu siku hiyo. Nikisema nilikosea, nauliza nilikosea wapi hasa. Kununua karatasi? Kwenda Naivasha? Au kuna kosa lingine ambalo hata yeye hakulitaja?

Wacha nianze mwanzo. Mimi ni karani wa hesabu katika duka la jumla huko Industrial Area. Desemba nilitumwa kuchukua kadi za harusi ya binamu yangu kwa mchapishaji mmoja River Road. Fundi alipomaliza kuzikata kingo, sakafu ilikuwa imejaa vipande vya manila, vyeupe na vya dhahabu. Nikamuuliza vinaenda wapi. "Taka," akasema. Nikaviomba, akanijazia mfuko wa kaki. Usiku huo stima zilipotea na simu yangu ilikuwa haina chaji. Nikawasha mshumaa, nikakunja ndege. Alitoka na shingo iliyopinda kama mtu aliyelala vibaya kwenye basi la usiku. Nikamkunja tena. Stima ziliporudi sikuinuka kuchomeka simu.

Basi kiangazi chote, kuanzia Januari hadi mvua zilipokaribia mwishoni mwa Machi, wikendi zangu zilikuwa hivyo. Nairobi ikiwa na joto, nyumba ya ghorofa ya tano haikaliki mchana. Nilikuwa natoka na karatasi zangu. Ngong Hills upepo ulininyang'anya kazi ya saa mbili kwa sekunde moja. Naivasha nilikaa nikiyatazama mafunjo, nikikumbuka kwamba Wamisri wa kale waliuchana moyo wa mmea kama huo vipande vyembamba, wakavipanga kwa kupishana, wakavigandamiza, wakaandikia. Lakini mara nyingi nilienda Karura. Unalipa kiingilio, unatafuta mti, unakaa.

Kila aliyeona kazi yangu aliniuliza kitu kimoja: "Unauza?" Na nikisema siuzi, linafuata lile la pili: "Sasa inakulipa pesa ngapi?" Siwalaumu. Sisi ni kizazi kilichofunzwa kwamba kila kipaji ni duka ambalo bado halijafunguliwa. Ukipika vizuri, uza chakula. Ukisuka vizuri, fungua saluni. Ukicheka vizuri, anzisha chaneli.

Nilijaribu. Mwezi wa pili mfanyakazi mwenzangu aliniagiza kadi 50 za sherehe ya mtoto wake. Nilizimaliza kwa siku nne, nikalipwa, na pesa hazikuninukia vibaya hata kidogo. Nisidanganye eti kuuza kulinichafulia roho. Kilichobadilika ni kwamba kufikia kadi ya kumi, mikono yangu ilikuwa inahesabu. Ya kumi na moja, ya kumi na mbili. Ilikuwa kazi nzuri, lakini ilikuwa kazi, na tayari ninayo kazi ya kuhesabu kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa.

Lugha yetu yenyewe inasitasita kwenye jambo hili. Shuleni tulifundishwa kwamba jambo unalopenda kulifanya wakati wa mapumziko linaitwa uraibu. Tuliandika insha: uraibu wangu ni kusoma, uraibu wangu ni kucheza kandanda. Leo ukisikia neno hilo kwenye taarifa ya habari, ni uraibu wa dawa za kulevya au wa kamari. Neno moja linabeba starehe na ugonjwa. Na wazee nao walituachia methali: kazi mbaya si mchezo mwema. Maana yake, hata kazi duni ni afadhali kuliko mchezo mzuri.

Nilikuwa nikiifikiria methali hiyo chini ya mti Karura, halafu nikakumbuka nimekalia nini. Miaka ya tisini kuna watu waliouangalia msitu huu wakaona ploti. Kwao ulikuwa ardhi iliyokaa bure, inayongoja kujengwa majumba. Januari 1999, Wangari Maathai na wenzake walipokwenda kupanda miti pale, walipigwa hadi damu ikamtoka kichwani. Leo watu wanakimbia humo asubuhi, wachumba wanapiga picha, watoto wanakula mandazi kando ya maporomoko.

Sisemi kukunja karatasi ni sawa na kulinda msitu. Ila nadhani jicho ni lile lile. Jicho linaloona msitu na kusema "umekaa bure" ndilo linaloiona Jumamosi ya mtu na kusema "imekaa bure, ijengwe kitu." Na mambo mengine hufa ukishayajenga.

Hapo ningeweza kuifunga insha hii na kujipigia makofi. Lakini msitu ni wa watu wote, na karatasi zilikuwa zangu peke yangu. Ndugu yangu alilala kwa rafiki yake siku mbili, sakafuni. Hakuna falsafa ya mapumziko inayolipa deni hilo.

Wapenda karatasi hupenda kumtaja Akira Yoshizawa, Mjapani aliyezaliwa 1911. Akiwa kijana aliacha kazi ya kiwandani ili akunje karatasi, akaishi miaka mingi katika umaskini, akiuza vyakula nyumba kwa nyumba. Kitabu chake cha mwaka 1954 ndicho kilichomwinua, na leo anahesabiwa kuwa aliyeifanya origami ionekane sanaa. Hadithi hiyo inanipa moyo, lakini inaniogopesha pia. Inasimuliwa hivyo kwa sababu iliishia vizuri. Kama isingeishia vizuri, tungemwita nani? Mtu aliyeacha mshahara kwa ajili ya karatasi. Mimi si Yoshizawa, na ndege wangu bado wana shingo mbaya. Kwa hiyo siwezi kujitetea kwa ukuu unaokuja kesho. Lazima nijitetee, kama ninaweza, kwa Jumamosi yenyewe.

Aliyenisaidia ni mama. Nilipokuwa mdogo alikuwa anafuma vitambaa vya makochi kila jioni. Unavijua: vyeupe, vya uzi, vikilala kwenye mgongo wa kila kiti, juu ya redio, juu ya meza, hadi juu ya jagi la maji. Hakuuza hata kimoja. Na hakuna aliyewahi kumuuliza vinamlipa pesa ngapi, kwa sababu viliitwa usafi wa nyumba. Nilimpigia simu Jumapili moja, nikamuuliza, "Mum, vile vitambaa vilikuwa kazi ama mchezo?"

Akacheka. Kisha akanyamaza kidogo. "Ile ilikuwa saa ambayo hakuna mtu angeniita," akasema. "Baba yako akiniona na uzi, alijua niko kazini. Ningekaa tu, angeniagiza maji."

Mama alikuwa ameficha mapumziko yake ndani ya jina la wajibu. Mimi niliyaficha yangu ndani ya neno "sina." Sote wawili tuliamini kwamba hatuna ruhusa. Tofauti ni kwamba uficho wake haukumwacha mtu nje ya mlango.

Sasa naona kosa langu lilikuwa wapi. Kwanza, siku ile shida ya ndugu yangu ilikuwa ya haraka na yangu haikuwa, ziwa lingeningoja. Lakini zaidi ya hapo, nilidanganya. Laiti ningemwambia, "Ninazo, nimezipangia kitu," angebishana nami. Pengine tungegawana: elfu moja leo, elfu moja Ijumaa. Nilipomwambia sina, nilimtoa kwenye uamuzi uliomhusu.

Na mbona nilidanganya? Kwa sababu naweza kumwambia mtu yeyote "nimelipa kodi," lakini sikuweza kutamka "nimenunua karatasi." Hapa ndipo ukarani unanisaidia. Matumizi yasiyo na jina kwenye daftari ndiyo yanayokula pesa zaidi, kwa sababu hayana kikomo. Karatasi zangu hazikuwa na mstari, kwa hiyo mwezi mmoja zilikula mia tatu, mwezi mwingine elfu tatu. Starehe unayoionea aibu haikui ndogo. Inakua gizani.

Kwa hiyo siamini kwamba kitu lazima kilete pesa ndipo kiwe na haki ya kuwepo. Lakini siamini pia ile hoja ya mitandaoni kwamba furaha yako haimdai mtu maelezo. Tulio na watu wanaotutegemea tunadaiwa maelezo. Si lazima yawe ya faida. Yanatosha yakiwa ya kweli: hiki ninakipenda, kinanigharimu kiasi hiki, na nawe sijakusahau.

Nilimtumia ndugu yangu zile elfu mbili Jumatatu, pamoja na msamaha alioujibu kwa "sawa" kavu. Mwezi wa nne alikuja kwangu, akalikuta daftari mezani. Kodi. Nauli. Mum. Chini yake jina lake na 2,500. Chini ya jina lake: karatasi, 600.

"Mia sita za karatasi?" akauliza. "Kila mwezi? Sistee, wewe uko sawa kweli?"

"Niko sawa."

"Si ufanye mia tatu."

"Mia tano."

Hatujaelewana hadi leo. Bado anaona ni nyingi, na kila akija analifungua daftari kwanza kabla hajaomba chai. Lakini sasa tunabishana kuhusu nambari iliyoandikwa, kwa wino, mahali anapoweza kuiona.