Treni Isiyoweza Kugoma

Desemba 2019 usafiri wa Paris ulikwama karibu wote, isipokuwa njia mbili za metro. Madereva walikuwa wamegoma kupinga mpango wa serikali wa kubadili mfumo wa pensheni, na kwa wiki kadhaa vituo vingi vilibaki vimefungwa au vikifunguliwa kwa saa chache tu. Watu walitembea, wakaendesha baiskeli, wakapeana lifti na wasiowajua. Lakini chini ya barabara ya Champs-Élysées treni za Njia ya 1 ziliendelea kupita, na zile za Njia ya 14 vilevile. Usingeweza hata kuzilaumu kwamba zimewasaliti wenzao. Ndani yake hamkuwa na mtu wa kugoma.

Njia ya 14 ilifunguliwa Oktoba 1998, na tangu siku ya kwanza treni zake hazikuwa na chumba cha dereva. Njia ya 1 ni habari tofauti. Hiyo ndiyo kongwe kuliko zote Paris, ya mwaka 1900, na kati ya 2007 na 2012 iligeuzwa kuwa ya kujiendesha huku abiria wakiendelea kuitumia. Kazi nyingi zilifanywa usiku. Milango ya vioo ilisimikwa kwenye majukwaa kituo kimoja baada ya kingine, na ikafika wakati treni zenye dereva na zisizo na dereva zikafuatana kwenye reli zilezile. Madereva hawakufukuzwa: wapo waliohamishiwa njia nyingine, wapo waliopanda cheo wakawa wasimamizi. Kwa kipimo cha uhandisi, na hata cha utu kazini, ni kazi ya kupigiwa mfano. Kwa hiyo sina ugomvi na namna ilivyofanywa. Nataka kujua tulichokitoa pamoja na kile kiti.

Turudi nyuma kidogo katika jiji hilohilo. Novemba na Desemba 1995, Waziri Mkuu Alain Juppé alitaka kugusa pensheni za wafanyakazi wa umma, wakiwemo wa reli na metro. Wakati huo ndani ya Paris hapakuwa na njia hata moja ya metro iliyokwenda bila dereva. Usafiri ulisimama kwa takriban wiki tatu, na mwishowe Juppé akayaondoa mabadiliko hayo ya pensheni. Mwaka 2023 serikali nyingine ikaja na mpango wa kupandisha umri wa kustaafu kutoka miaka 62 hadi 64. Watu wakajaa barabarani, madereva wakagoma, Njia ya 1 na ya 14 zikaendelea na safari, na sheria ikapita. Sisemi treni ndizo zilizoushinda mgomo. Serikali ilitumia kifungu cha katiba kilichoiruhusu kuupitisha muswada bila kura ya wabunge, na hilo halikuhitaji reli. Nasema tu kwamba katika miaka hiyo 28 kitu fulani kilihama kutoka mikononi mwa watu fulani, na sikumbuki kama kuna aliyeitisha mkutano kuuliza kiende wapi.

Kiswahili kina neno moja kwa mambo mawili hapa. Mfanyakazi hugoma, na gari nalo hugoma. Ukiwasha injini alfajiri ikakataa, unasema imegoma, na hakuna atakayedhani imeanzisha chama cha wafanyakazi. Lakini neno hilo linaficha tofauti kubwa. Mtu aliyegoma ana jambo. Unaweza kumfuata ukamuuliza anataka nini, mkabishana, mkapatana au mkashindwana. Injini iliyogoma haina madai, utaita fundi. Mpangaji wa jiji anayeota treni isiyogoma huwa na maana zote mbili kichwani kwa pamoja, na nadhani hapo ndipo hesabu zinapochanganyika. Mwanadamu anayekataa kwa sababu anahesabiwa kwenye safu moja na waya uliokatika.

Nisiwaonee wapangaji, maana wana historia upande wao, na ni historia ya damu. Tarehe 1 Novemba 1918 huko Brooklyn, New York, madereva wa kampuni moja ya reli walikuwa wamegoma. Kampuni ilitaka treni zitembee kwa vyovyote vile, ikamkabidhi treni mfanyakazi wa ofisini ambaye hakuwa na mafunzo ya kutosha. Aliingia kwa kasi kwenye kona kali karibu na Malbone Street, mabehewa ya mbao yakaacha reli na kupondeka kwenye mdomo wa handaki. Walikufa watu wasiopungua 93. Ukitaka treni zitembee siku ambayo wanaojua kuziendesha wamekataa, basi ni afadhali mara elfu mashine iliyojaribiwa kuliko karani aliyepewa usukani.

Na hata dereva aliyefundishwa ni fumbo. Asubuhi ya tarehe 28 Februari 1975, treni iliyojaa watu waliokuwa wakienda kazini iliingia kituo cha Moorgate, London, mahali ambapo reli inaishia ukutani. Haikupunguza mwendo. Watu 43 walikufa, dereva akiwa mmoja wao. Waliokuwa jukwaani walisema walimwona ameketi wima, akitazama mbele. Uchunguzi haukuona hitilafu katika treni, wala haukuweza kueleza kwa nini hakufunga breki. Hakuna ajuaye hadi leo. Katika jiji hilohilo tayari kulikuwa na Victoria line, iliyofunguliwa 1968, ambapo mitambo ndiyo iliyoongeza mwendo na kufunga breki, na mtu wa mbele kazi yake ilikuwa kushughulikia milango na kubonyeza vitufe viwili ili treni iondoke. Kila nikisoma habari za Moorgate najikuta nikitamani mitambo hiyo ingekuwepo na kule.

Kuna sifa nyingine hupewa treni hizi ambayo si yake. Husemwa kwamba zimepunguza vifo vya watu wanaoanguka au kujirusha relini, na kuwaokoa madereva na kumbukumbu ambazo wenzao wengine wamezibeba hadi kustaafu. Kinachofanya hivyo ni milango ya vioo kwenye jukwaa. Jubilee line ya London ina milango hiyo katika sehemu yake iliyofunguliwa 1999, na treni zake zina madereva. Sifa ya mlango tumwachie mlango.

Hata neno "kujiendesha" lina ujanja wake. Kiambishi "ji" kinadai kwamba treni ni mtenda na mtendwa kwa wakati mmoja, kama mtu anayejinyoa. Ukweli ni kwamba inaendeshwa, ila waendeshaji wamehama. Wapo kwenye chumba cha udhibiti wakitazama skrini. Wapo mafundi wanaoingia handakini usiku baada ya abiria wa mwisho. Wapo walioandika programu miaka mingi iliyopita, na huenda wengine wao sasa wanaishi nchi nyingine. Lille, jiji la kaskazini mwa Ufaransa, limekuwa na metro ya aina hii tangu 1983, kwa mfumo uliobuniwa na Robert Gabillard na wenzake wa chuo kikuu cha hapo. Maamuzi ya watu hao yamekuwa yakifunga breki tangu kabla baadhi ya abiria wake hawajazaliwa. Kuna uzuri fulani katika jambo hilo. Lakini kuna kilichopungua pia. Jahazi likizama nahodha naye yumo. Tulimwamini dereva kwa kiasi fulani kwa sababu alikuwa wa kwanza kufika palipo na hatari. Sauti inayotoka kwenye spika treni inaposimama gizani inaweza kuwa ya upole na ya mtu mwenye ujuzi mkubwa, ila yeye hayumo. Najua, dereva wa Moorgate alikuwemo na haikusaidia kitu. Naliacha hilo kama lilivyo.

Kwetu Afrika Mashariki, metro ya namna hii inayofahamika na wengi haiko Ulaya, iko Dubai. Mfanyabiashara wa Kariakoo aliyefuata mzigo Deira ameipanda. Ameipanda mlinzi kutoka Kampala au Nakuru anayetoka zamu ya usiku. Red line ilifunguliwa tarehe 9 Septemba 2009, Green line miaka miwili baadaye siku hiyohiyo, na zote hazina dereva. Kwa kuwa hakuna chumba cha dereva, kioo cha mbele kiko wazi kwa abiria, na watoto hugombania pale wapate kuona reli ikiwakimbilia. Ila treni hizo zina behewa la daraja la dhahabu upande mmoja wa mwisho, lenye nauli mara mbili ya kawaida. Kwa hiyo treni inapoelekea upande huo, mahali ambapo angekaa dereva huketi aliyelipa zaidi. Sijui kama kuna aliyekusudia maana yoyote. Mimi nimeshindwa kutoiona.

Paris, treni isiyoweza kugoma iliingia katika jiji la watu wanaogoma. Dubai iliingia katika jiji ambalo sheria haimpi mfanyakazi haki ya kugoma wala kuunda chama. Mwaka 2006, ndio mwaka ujenzi wa metro ulipoanza, vibarua waliokuwa wakijenga jengo ambalo leo ni Burj Khalifa walifanya fujo, wakavunja magari na vifaa. Walikuwa na malalamiko ya ujira, na kilichowasha moto siku ile kilikuwa mabasi ya kuwarudisha makambini kuchelewa. Leo kuna kituo cha metro chenye jina la jengo hilo, na treni zake hazichelewi. Ukimuuliza yule mlinzi wa Nakuru kama anamkosa dereva, atakushangaa. Yeye anachokosa ni siku ya mapumziko, na hana mahali pa kusimama akasema hivyo bila kuhatarisha kibali chake cha kuishi pale.

Huyu mlinzi ndiye anayenisumbua ninapotaka kutetea mgomo kirahisi. Maana mgomo wa usafiri humuumiza kwanza asiye na gari. Mama anayefanya usafi ofisini, anayetakiwa afike kabla ya saa kumi na mbili, hana namna ya kufanyia kazi nyumbani. Mtu atasema: basi treni isiyo na dereva ni rafiki yake. Mimi nataka kujua inapita wapi. Desemba 2019 Njia ya 1 iliendelea kuwaunganisha Louvre, Champs-Élysées na maghorofa ya La Défense. Treni za vitongojini, anakoishi yule mama, zilikuwa na madereva, nazo zilipungua sana. Usafiri usiokatika ulifika kwanza kwa waliokuwa na njia mbadala nyingi. Hilo litabadilika, na ni haki kulisema: njia mpya za 15 hadi 18 zinazojengwa kuzunguka Paris zote hazitakuwa na dereva, na zinapita vitongojini. Yule mama atapata treni yake. Siku atakapogoma yeye, akidai nyongeza, treni hiyohiyo itamleta mtu wa kushika ufagio wake. Sidhani kama atakuwa na hasara. Sidhani kama atakuwa na faida tupu.

London walichagua jambo la katikati ambalo huzungumzwa kidogo mno. Docklands Light Railway, ya tangu 1987, haina dereva, lakini ndani ya treni kuna mhudumu. Anafunga milango, anajibu maswali ya wageni, na mambo yakiharibika anaweza kushika uendeshaji. Pia anaweza kugoma, na amewahi kugoma, na DLR ikasimama. Kwa mpenda ufanisi huo ni ubadhirifu: umelipia kompyuta kisha unamlipa mtu juu yake. Kwangu ni ushahidi kwamba mashine haikutulazimisha lolote. Kumwondoa mtu wa mwisho ni uamuzi, una mwenyewe, na mwenyewe angepaswa kuulizwa kwa jina kama anavyoulizwa dereva aliyepita kwenye taa nyekundu. Watu wa chumba cha udhibiti nao wanaweza kukataa, bila shaka. Ni wachache, wako nyuma ya mlango uliofungwa, na abiria hawajui sura zao.

Usiku wa tarehe 1 Juni 2019, kwenye Kanazawa Seaside Line huko Yokohama, treni isiyo na dereva ilikuwa kituo cha mwisho cha Shin-Sugita, tayari kurudi ilikotoka. Milango ikafungwa, ikaondoka, kwa kinyumenyume. Ilikwenda mita kama 25 kisha ikagonga kizuizi cha mwisho wa reli. Zaidi ya watu 10 waliumia, baadhi yao vibaya. Waya uliopaswa kuzipelekea mota taarifa ya upande wa kwenda ulikuwa umekatika. Mfumo uliamini treni imegeuka, mota zikaendelea na upande wa zamani, na ndani ya mabehewa kila abiria aliyejua kituo kile alijua ndani ya sekunde moja kwamba wanaelekea siko.

Siku chache baadaye, safari ziliporejea, zilirejea na madereva. Waliendesha kwa mikono majira yote ya joto. Mwishoni mwa Agosti, marekebisho yalipokamilika, walishuka.