Jirani Asiyekuwamo Mkandani



Baada ya kustaafu ualimu tuliitoa sandukuni kamera yetu ya zamani, tukajiunga na wenzetu ambao kila juma hupewa neno moja, wakalitafutie picha. Sisi twatumia mkanda wa nyeusi na nyeupe, wa picha 36. Vijana wenye simu hutucheka, na wacheke.

Juma moja neno lilikuwa "Jirani". Tukampiga picha mama muuza maandazi, fundi baiskeli, watoto kisimani, hata mkanda ukaisha.

Mkanda huu hauvumilii hata taa nyekundu. Hutiwa katika chombo chake gizani kabisa, kwa kupapasa, ndipo humiminwa dawa ya kusafishia, kisha ya kukazia. Tulipouinua penye mwanga, ungali ukitona maji, nyuso zilikuwa nyeusi na vivuli vyeupe, kama ilivyo desturi yake. Tukawahesabu watu. Wote walikuwamo, ila mzee wa ng'ambo ya ua wetu, ambaye tulikuwa hatujasalimiana naye miaka minne kwa ajili ya mpaka wa shamba. Hatukukusudia kumwacha. Miguu yetu ilijua yenyewe pa kupita.

Nasi ndio tuliowafundisha watoto Luka 10 miaka mingi, tukimlaumu sana kuhani aliyempita majeruhi! Yeye, walau, alimwona.

Jumamosi tukatia mkanda mpya, tukaenda kubisha hodi. Mzee alitutazama kitambo, wala hakutukaribisha. Kisha akasema tungoje, akavae shati.