Kukataliwa si Kufukuzwa

Katika ndugu zetu walioko Uingereza, sijaona anayeteseka moyoni kama aliyeomba hifadhi akakataliwa. Mlango ukigongwa alfajiri, moyo unamlipuka. Anatakiwa kwenda kusaini katika kituo cha uhamiaji, na kila aendapo hajui kama jioni atarudi au atalala mahabusu, ambako sheria ya nchi ile haikuweka ukomo wa siku za kuzuiwa. Kufanya kazi haruhusiwi. Akibahatika kupewa msaada, ni mahali pa kulala na takribani pauni 49 kwa wiki.

Nilipoishi huko nilifahamiana na baba mmoja wa Kivu, mashariki mwa Kongo, mtu wa heshima, asiyekosa msibani. Baada ya kukataliwa, wenzake walimwambia aache kusaini, abadili nyumba, azime simu. Akawafuata. Tangu hapo kwenye faili lake akaandikwa mtoro, na msaada ukakatwa. Waliomshauri walimpenda, sina shaka. Lakini walimfungia milango ambayo serikali ilikuwa haijaifunga.

Maana milango ipo. Barua ya kukataliwa kwa kawaida inampa mtu siku 14 za kukata rufaa, na miaka ya karibuni karibu nusu ya rufaa za hifadhi zilizoamuliwa na majaji huko zimeshinda. Watu wengi, basi, walikataliwa huku wakiwa na haki. Nawaomba wanaomwita kila aliyekataliwa mwongo walifikirie hilo.

Hata rufaa zikiisha, Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unakataza kumrudisha mkimbizi kwenye hatari ya maisha yake, kwa hiyo mwenye ushahidi mpya anaweza kuuwasilisha. Mtu wa Goma, huko huko Kivu, aliyekataliwa kabla ya Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji ule, ana jambo ambalo jaji wake hakulisikia. Ripoti ya daktari kuhusu makovu, hati ya mahakama ya nyumbani, mtoto aliyekulia Uingereza miaka saba: yote hayo yana uzito. Hayashindi kila mara. Yanahitaji wakili anayejua kuyapanga, na asiye na kitu anaweza kumpata wakili anayelipwa na serikali.

Hapo ndipo ninapowakasirikia wauza hadithi. Wapo, tunawajua: wanamfundisha mtu ajilipue, yaani aombe hifadhi kwa uongo, kwa uraia wa nchi asiyoijua na mateso yasiyompata. Maneno ya usaili hayafutiki. Siku mtu huyo atakapoeleza mateso yake ya kweli, atasomewa yale ya kubuni. Kutoa ushauri wa uhamiaji Uingereza bila sifa wala usajili ni kosa la jinai, na mimi naona ni dhambi pia.

Kuna njia nyingine tunayoionea haya kuitaja: kurudi kwa hiari. Kwa asiye na hatari nyumbani, serikali ya Uingereza humlipia tiketi, na wengine hupewa hadi pauni 3,000 za kuanzia maisha. Wengi wanaoweza kurudi hawarudi, na sababu kubwa ni sisi. Shamba liliuzwa ili asafiri. Mjomba anasubiri bati, mdogo wake anasubiri ada. Atashukaje kiwanja cha ndege mikono mitupu, kijiji kizima kikimtazama? Bora ajibanze sebuleni kwa watu miaka kumi. Tumemfanya aiogope aibu yetu kuliko mahabusu, na huo ni ukatili, hata kama hatukuukusudia.

Basi, msomaji, kama una ndugu aliyekataliwa, mpigie simu leo. Muulize barua yake ina tarehe gani, wakili wake ni nani, na kama amekula. Mwambie akirudi atapokewa. Habari za kutuma fedha ziache kwanza.