Mimba si Posa

Tuseme binti wa kidato cha tatu huko Urambo amegundulika ana mimba, na aliyempa ni kijana wa miaka 17. Hajafikishwa hata kliniki, wazee wa pande zote mbili wameshakaa chini ya mwembe wanahesabu ng'ombe na kupanga ndoa. Tabora vikao hivi tunavijua. Utafiti wa afya wa taifa wa 2015/16 ulikuta asilimia 43 ya wasichana wa mkoa huu wenye miaka 15 hadi 19 wameshazaa au ni wajawazito. Katavi peke yake ilitupita.

Baba anataka kufuta aibu, namwelewa. Lakini Sheria ya Ndoa ya 1971 inamtaka mwanamume awe ametimiza miaka 18. Kifungu kilichoruhusu binti wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya mzazi, Mahakama Kuu ilikiona kinavunja Katiba mwaka 2016 katika kesi ya Rebeca Gyumi, na Mahakama ya Rufani ikasema hivyo hivyo Oktoba 2019. Isitoshe, huyu ni mwanafunzi. Sheria ya Elimu, tangu marekebisho ya 2016, inampa miaka 30 jela anayeoa mwanafunzi. Anayesaidia ndoa hiyo ana faini isiyopungua shilingi milioni 5, au miaka 5 jela, au vyote viwili. Mshenga ajihesabu humo.

Na kama aliyempa mimba ni mtu mzima, mwenye pikipiki au mnunuzi wa tumbaku, basi hakuna cha kumalizana nyumbani. Huyo ni wa dawati la jinsia polisi, hata akija na zizi zima. Ng'ombe wa faini, kwanza, huishia kwa baba. Mjukuu hanywi hata maziwa yao.

Kwa vijana wawili, ndoa itasubiri, malezi hayasubiri. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamdai mzazi matunzo hata kama hakuoa. Wewe mzazi wa kijana, usimpandishe basi usiku aende kwa mjomba Mpanda. Mababu zetu walibeba pembe za ndovu kutoka hapa hadi Bagamoyo, na mpagazi aliyetupa mzigo porini akakimbia hakuwa na sifa kijijini. Kijana atambue mtoto, amtembelee, na ninyi mchangie kliniki na nguo wakati yeye bado anasoma. Mkishindwa kuelewana, ofisi ya ustawi wa jamii ipo wilayani.

Wakishakuwa watu wazima na bado wakapendana, mahari itapokewa kwa vigelegele.

Kwa sasa, binti arudi darasani. Novemba 24, 2021, Joyce Ndalichako, Waziri wa Elimu wa wakati huo, alitangaza kuwa aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shule. Mama mtu, mpokee mjukuu. Baba, acha kikao cha ng'ombe, nenda kaonane na mkuu wa shule.