Tutaniane, Tuzikane

Dominika moja ya mwezi Juni 1879, Kabaka Mutesa wa Buganda alishuhudia kioja barazani pake. Bwana Mackay, mmisionari wa Kianglikana, alikuwa akisalisha. Padre Lourdel, wa shirika la Mapadre Weupe, akakataa kusali naye. Alipoulizwa sababu alihamaki, akachanganya Kiarabu, Kiganda, Kiswahili na Kifaransa, akisema kwamba kitabu cha mwenzake ni cha uongo. Kabaka akastaajabu: je, kila Mzungu ana dini yake?

Tunacheka, lakini mwisho wake haukuchekesha. Januari 1892 wafuasi wa pande hizo mbili walipigana kwa bunduki huko Mengo, Mkristo kwa Mkristo. Wala haikuwa imetimia miaka sita tangu vijana wa pande zote mbili walipokufa katika moto mmoja wa Namugongo, Juni 1886.

Padre Lourdel na wenzake walitoka Bagamoyo mwaka 1878, wakafika Tabora, na hapo msafara wao uligawanyika: wengine wakashika njia ya Ujiji, wengine ya Nyanza. Laiti wangalijifunza jambo moja kwa wapagazi wa njia ile! Wanyamwezi, waliozoea kupita katika nchi za wengine, walijenga utani na makabila ya njiani, hata na Wazaramo wa pwani. Mtani hukutukana hadharani, hukunyang'anya kofia, nawe wacheka. Lakini ukifiwa, yeye ndiye afikaye mapema na kushika jembe la kaburi.

Utani wa namna hiyo ndio tunaoutamani katika jamaa zetu. Wamoraviani walipokea misheni ya Urambo mwaka 1898. Tangu hapo tumekuwa majirani, na sasa tu mashemeji. Mkatoliki husema kwamba kwaya ya Wamoraviani huimba beti zote mpaka pilau ipoe. Naye shemeji hujibu kwamba Mkatoliki awajua watakatifu wote kwa majina, ila hajui Biblia yake imo kabati gani. Mzaha huu haumuumizi mtu, na pengine watufaa!

Lakini baba akikataa kuhudhuria arusi ya bintiye kwa kuwa yafungwa katika kanisa la jirani, au ndugu wakigombania maiti, nani azike, huo si utani tena. Ni Mengo ndogo.

Hatusemi kwamba mafundisho yote ni sawa. Imani yetu tuishike kwa mikono miwili. Lakini Mtaguso wa Vatikano, Novemba 1964, ulikiri kwamba hata upande wetu ulikuwa na makosa katika utengano. Na katika Injili ya Marko, sura ya 9, Yohane alijivunia kumkataza mtu asiyefuatana nao, Bwana hakumsifu.

Basi, ndugu msomaji, jirani yako wa kanisa lile akifiwa kesho, usiulize atazikwa na nani. Chukua jembe.